Nyusi zimeisha, nimeambiwa nikapandikize Istanbul

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Tabata na kazi yangu ni ya ofisini, mjini. Najua watu wanakuletea mambo mazito ya ndoa na mirathi, na mimi nakuletea nyusi. Lakini nimefika mahali sitoki chumbani bila wanja. Hata kumfungulia geti muuza maziwa, nachora kwanza.

Nilianza kutinda nilipomaliza kidato cha nne. Enzi hizo nyusi nzuri ilikuwa ile ya mstari mmoja mwembamba. Nilianza na wembe, baadaye saluni wakanizoesha kibano, halafu uzi, kila baada ya wiki mbili, miaka na miaka. Zikawa zinaota chache, nami nikawa najazia kwa wanja. Miaka minne iliyopita nikachorwa tatuu ya nyusi kwenye saluni moja huku kwetu. Mwanzoni ilipendeza, sasa imefifia na kugeuka rangi ya kijivu chenye wekundu, na wanja bado napaka juu yake.

Tangu nijifungue mwanangu wa pili, mwaka jana, hata zile chache zilizobaki zimeondoka. Hasa upande wa nje, kuelekea masikioni. Huku katikati, juu ya pua, bado zipo kidogo. Nywele za mbele ya kichwa nazo zimerudi nyuma, ila hizo nadhani ni kusuka, maana mimi rasta hazinitoki kichwani. Mume wangu ananitania kwamba nimezeeka ghafla. Anacheka, nami nacheka, lakini mama, utani wa namna hiyo unajua unavyobaki moyoni. Na kweli siku hizi nachoka mno, nimenenepa bila kula vya ajabu, na ofisini wenzangu wakilalamika joto mimi nimevaa sweta. Mtoto analala usiku kucha, kwa hiyo siwezi kumsingizia yeye.

Sasa, shoga yangu anamfahamu mtu anayepeleka wagonjwa Uturuki. Nikamtumia picha tatu kwa WhatsApp. Hazikupita dakika kumi akajibu: nywele 300 kila upande, dola 2,300, hoteli na gari la kunipokea uwanja wa ndege ndani yake, tiketi juu yangu. Anataka dola 300 za kushikia nafasi kabla ya mwisho wa mwezi, eti bei inapanda. Zamu yangu ya kikoba ni mwezi wa tano. Hapa Dar es Salaam pia kuna kliniki inayosema inafanya, kwa bei ya chini, ila sijaona mtu aliyefanyiwa pale.

Naomba unisaidie. Niende Istanbul au nifanye hapa? Ni kweli zikiota ndiyo zimeota, hazitoki tena? Inauma? Nina kovu lililovimba sikioni nilipotoboa tundu la pili, hilo lina shida? Mama yangu anasema ni dhambi kubadilisha maumbile. Na mume wangu, nimwambie au nimshtukize?

Usinitaje jina.

Mama wawili, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Nyusi si jambo dogo, usijishushe. Uso usio na nyusi watu huutazama mara mbili bila kujua wanatafuta nini, na anayetazamwa hujua. Maswali yako nitayajibu, ila nitaanza na lile ambalo hukuuliza. Umelipitisha katikati ya barua ukiwa njiani kwenda Istanbul: unachoka, umenenepa, unasikia baridi Dar es Salaam, nyusi zimeondoka upande wa nje, na yote haya yameanza baada ya kujifungua.

Nimefanya kazi kliniki ya ngozi miaka mingi kabla ya kuanza safu hii, na mgonjwa akikaa kwenye kiti akanisimulia hivyo, mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye karatasi ya maabara kabla hajamaliza. Shingoni tuna tezi, madaktari huiita thairoidi, ndiyo ile ikivimba watu husema fulani ana rovu. Si lazima ivimbe ndipo iharibike. Ikizembea kazi, mwili mzima hupunguza mwendo: uchovu, unene usio na sababu, baridi, choo kigumu, ngozi kukauka, hedhi kuwa nzito, na nywele kupukutika. Nyusi kupungua kwenye theluthi ya nje ni moja ya dalili ambazo kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kuzitazama. Na mwaka wa kwanza baada ya kujifungua ni kipindi ambacho tezi hii huweza kuyumba hata kwa mwanamke ambaye haijawahi kumsumbua.

Sisemi unao ugonjwa huo. Barua haitolewi damu. Nasema nenda ukapime kipimo kinachoitwa TSH, na siku hiyohiyo waombe wakuangalie wingi wa damu na madini ya chuma, maana mama aliyezaa na kunyonyesha anaweza kupungukiwa damu, na nywele ni kati ya vitu vya kwanza mwili huacha kuvihudumia. Hospitali nyingi za mjini wanapima. Tatizo likiwa ni tezi, utapewa vidonge, na nyusi zinaweza kurudi zenyewe taratibu kwa miezi kadhaa, angalau zile ambazo mizizi yake bado ipo hai. Fikiria kulipa dola 2,300 na tiketi, kupandikiziwa, halafu tezi ikaendelea kukuondolea nywele nyingine kushoto na kulia kwa zile mpya.

Jambo la pili umelisukumia kwenye rasta: nywele za mbele kurudi nyuma. Inawezekana kabisa ni rasta. Kusuka kwa kukaza huvuta mizizi mpaka ikakata tamaa, na wanawake wengi wa rika lako paji la uso limepanda kwa sababu hiyo tu. Lakini upo ugonjwa mwingine unaokula ukingo wa nywele za mbele na nyusi kwa pamoja, na mara nyingine nyusi ndizo hutangulia. Unaua mizizi na kuacha kovu dogo lisiloonekana. Daktari wa Australia, Steven Kossard, ndiye aliyeueleza mwaka 1994, kwa wanawake waliokwisha koma hedhi. Baadaye umeonekana pia kwa wanawake wa umri mdogo zaidi, na kwa wanawake weusi, ambao wengi wao walikuwa wakiambiwa kila siku kwamba ni kusuka.

Fanya hivi. Kesho mchana fumua mistari ya mbele, simama dirishani penye mwanga na kioo cha mkononi, utazame ule ukingo. Anayevutwa na rasta kwa kawaida hubaki na kiukanda cha nywele fupi laini pale mbele kabisa, zile tunazoziita malaika. Ukiona malaika zimekwisha, ngozi ni laini na inang'aa, labda na unywele mmojammoja uliobaki peke yake, au vishimo vya nywele vimezungukwa na wekundu au magamba na panawasha, usimngoje mtu. Nenda kwa daktari bingwa wa ngozi. Atatazama kwa lenzi, na akiona haja atakata kipande kidogo cha ngozi kwa ganzi kipelekwe maabara. Muhimbili wapo, na KCMC kule Moshi kuna kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Ugonjwa huu ukiwa bado unawaka, mpandikizaji mwenye akili hakugusi. Atataka utulie kwanza kwa dawa, mwaka au hata zaidi, maana nywele mpya zitaliwa zilezile kama za mwanzo. Asiye na akili atakupandikiza wiki ijayo na kupiga picha.

Ndiyo maana zile dakika kumi za WhatsApp zimenikera kuliko bei yenyewe. Mtu ametazama picha tatu, hajakuuliza umezaa lini, hajakuuliza kovu, hajagusa kisogo chako, ambako nywele za kupandikiza huchukuliwa, tayari ana idadi ya nywele. Nyusi huondoka kwa sababu nyingi: kibano cha miaka, tezi, upungufu wa damu, kinga ya mwili kushambulia nywele zake yenyewe, kaswende, dawa za saratani, mtu kujinyonyoa kwa wasiwasi bila kujijua. Na ukoma, ambao bado upo hapa nchini, na dawa yake ni bure. Kliniki nilikofanya kazi, mtu mzima akija amepoteza nyusi za pembeni tulimshika ndewe za masikio na kumtafuta baka lisilosikia mguso kabla ya kumuuliza habari ya saluni. Usishtuke, katika barua yako sioni kinachonipeleka huko. Nataka ujue tu swali la kwanza linavyotakiwa kuwa.

Nimeutaja ukoma kwa sababu nyingine pia. Kupandikiza nyusi hakukuanza na urembo wa mitandaoni. Mwaka 1939 daktari wa Kijapani, Shoji Okuda, aliandika jinsi alivyohamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele, na nyusi zilikuwa miongoni mwa sehemu alizozitengeneza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kule Vellore kusini mwa India, daktari Paul Brand alikuwa akiwatibu watu waliokwisha pona ukoma lakini kijijini hakuna aliyewaamini, kwa sababu uso usio na nyusi ulikuwa bado unawashtaki. Alichukua kipande cha ngozi ya kichwa pamoja na mshipa wake wa damu, akakipitisha chini ya ngozi ya paji hadi mahali pa nyusi. Zikaota. Zikaendelea kuota. Wapo walioziacha zirefuke mpaka zikachekesha, kwa furaha ya kuwa nazo tena.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako, kama zikiota ndiyo zimeota. Unywele ukihamishwa haubadilishi tabia. Wa kisogoni utabaki wa kisogoni hata ukikaa juu ya jicho. Nyusi za kuzaliwa hukua mwezi au miwili, zikasimama, zikadondoka, zikaanza upya, ndiyo maana huzioni zikirefuka. Nywele ya kichwani hukua miaka, karibu sentimita moja kila mwezi. Kwa hiyo ukipandikiza, utakuwa na mkasi mdogo maisha yako yote, kila wiki moja au mbili. Ukisafiri bila mkasi, ukilazwa hospitali, ukiwa msibani siku saba, zitakuwa zinaota tu. Mtu aliyechoka kuchora kila asubuhi inabidi ajue kwamba ananunua kazi nyingine.

Na nywele za kisogoni kwako zikoje? Hujasema, ila kama wengi wetu ni kipilipili, hapa nataka utulie usome mara mbili. Nyusi zetu kwa kawaida hazijipindi kama nywele za kichwa. Kipilipili kikihamia kwenye nyusi kitajikunja. Fundi mzuri huuzungusha kila mzizi kabla ya kuupachika ili mkunjo uelekee kwenye ngozi na unywele ulale, badala ya kuinuka. Fundi wa kawaida hupachika kama anavyopachika za watu wenye nywele zilizonyooka, nawe unabaki na nyusi zilizosimama zikijiviringa. Usije ukafikiri utazilainisha kwa dawa ya nywele. Ile dawa ikiingia jichoni inaunguza kioo cha jicho.

Tabu inaanza hata kabla ya hapo, wakati wa kuzitoa. Mzizi wa kipilipili umejipinda chini ya ngozi, hauonekani. Kile kidude cha kutobolea, kama milimita moja upana wake, hushuka moja kwa moja. Asiyezizoea nywele hizi hukata mizizi mingi katikati, na uliokatwa mara nyingi hauoti kwenye nyusi wala kisogoni ulikotoka. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa kliniki yoyote, ya Istanbul au ya hapa, liwe hili: nionyesheni nyusi za wanawake wenye nywele kama zangu, zikiwa zimefikisha mwaka. Picha za siku ya upasuaji kila mtu anazo, na kila mtu siku hiyo amependeza. Wakikuletea Waturuki na Wazungu kumi na mwanamke mweusi hakuna, umeshajibiwa.

Umeuliza kama inauma. Sindano za ganzi kwenye paji na kisogoni zinauma, baada ya hapo unasikia kuguswaguswa tu. Kazi huchukua saa mbili hadi nne au tano. Wanachukua nywele nyuma ya masikio au chini ya kisogo, ambako ni nyembamba kidogo, wanazitenganisha mojamoja, maana kwenye nyusi mzizi wenye nywele mbili au tatu utaonekana kama kichaka. Kisha wanazichomeka kwa pembe ndogo sana, karibu zilale juu ya ngozi: mwanzoni mwa nyusi zikielekea juu, halafu zinalazwa kuelekea sikioni. Ikikosewa pembe, hakuna wanja wala mkasi wa kuficha. Ndiyo maana nasisitiza umjue anayeshika sindano. Chama cha kimataifa cha madaktari wa upandikizaji nywele, ISHRS, kina kampeni ya muda sasa dhidi ya kliniki ambazo daktari unamwona kwenye bango tu, na kazi ya kukata na kuchomeka inafanywa na watu wasio na leseni. Uliza kwa maandishi: nani atatoboa, nani atachomeka, daktari ana wagonjwa wangapi siku hiyo.

Siku chache za kwanza macho yatavimba, labda yawe na weusi kama uliyepigwa, na juu ya nyusi vitakuwepo vigaga. Usivibandue. Vinadondoka vyenyewe ndani ya wiki moja na kitu. Lala chali, kichwa juu ya mito miwili. Kuna jambo ambalo madaktari wa huko huenda wasikwambie kama hukuuliza: siku za mwanzo mizizi haijashika, hutakiwi kuisugua wala kuikandamiza. Kama ni mtu wa swala, kutawadha na kusujudu vinagusa palepale. Mwulize daktari ni lini maji na mguso vinaruhusiwa, kisha umwulize shehe utafanyaje hadi siku hiyo. Jasho na jua la Dar es Salaam navyo uvipangie, na rasta hutazikaza kisogoni wiki kadhaa.

Halafu, kati ya wiki ya pili na ya nne au zaidi kidogo, zile nywele zitadondoka karibu zote. Wengi hulia hapo na kudai wametapeliwa. Ni kawaida, mzizi umebaki chini. Zinaanza kutokeza tena kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, na hali halisi utaiona baada ya miezi tisa hadi mwaka. Hazishiki zote, na wapo wanaohitaji kurudia. Sasa jiulize: mwezi wa tatu ukiona usaha au kivimbe cha nywele iliyoota kuelekea ndani, jambo ambalo kipilipili hulipenda, utamwonyesha nani? Yule wa WhatsApp?

Kovu lako la sikioni. Ndiyo, lina uzito, na asante kwa kulitaja, wengi huficha. Makovu yanayovimba na kuendelea kukua, keloidi, hutupata sisi weusi zaidi ya wengine, na huwa yana ukoo. Waulize mama na dada zako kama wanayo. Kwenye nyusi zenyewe si kawaida sana kutokea, ila kisogoni panatisha kidogo, hasa kama umewahi kuwa na vipele vigumu nyuma ya shingo. Mtu wa namna yako asikubali njia ya kukata ukanda mzima wa ngozi na kuushona. Hata njia ya kutoboa mojamoja, daktari makini atafanya jaribio kwanza: atatoboa nywele chache mahali pa kujificha, akungoje miezi kadhaa aone ngozi inavyopona. Anayekwambia «hilo la sikio halihusiani» bila hata kuligusa, mpe pole na uondoke.

Tatuu haizuii upandikizaji, ila ile kalamu ikiwa ilichimba sana na kuacha kovu, damu hupita kidogo na mizizi hushika vibaya. Usikimbilie kuifuta kwa mionzi ya leza bila ushauri. Baadhi ya rangi zile, hasa zenye wekundu, hugeuka nyeusi zikipigwa leza, na ngozi yetu nayo inaweza kuungua ikabaki na mabaka. Na usimwache mpandikizaji afuate tu umbo lililochorwa. Umbo hilo ulilichagua miaka minne iliyopita kwa fasheni ya miaka minne iliyopita, na wewe mwenyewe umeshahama kutoka mstari mwembamba hadi nyusi nene. Chagua umbo ambalo mama wa miaka 55 anaweza kulivaa kwenye harusi ya mwanawe.

Istanbul au hapa? Istanbul wapo madaktari hodari kwelikweli, na wapo wachuuzi. Uturuki inataka hospitali na hata mawakala wanaohudumia wagonjwa wa kigeni wawe na cheti cha Wizara yao ya Afya. Mwombe mtu wa shoga yako akuonyeshe cha kwake na cha hospitali, pamoja na jina kamili la daktari. Kwa hapa nyumbani, mwombe daktari namba ya usajili uihakiki Baraza la Madaktari Tanganyika, na umwombe akukutanishe na mtu mmoja aliyemfanyia. Bei ya chini si kosa. Kosa ni kutokuwa na hata mtu mmoja wa kukuonyesha. Na kama ni mimi, ningemchagua aliye karibu na mwenye wagonjwa weusi kabla ya aliye mbali na mwenye hoteli nzuri.

Zipo pia njia za kati. Vipimo vikiwa safi na mizizi ikiwa hai, daktari wa ngozi anaweza kukupa dawa ya kupaka ya kuamsha nywele. Hufanya kazi kwa baadhi, na ukiacha kupaka nyingi huondoka tena. Usijinunulie dukani ukiwa bado unanyonyesha. Piko kwenye nyusi, niliona macho yaliyofumba kwa uvimbe siku mbili kabla ya harusi, kwa hiyo hapana. Kibano na uzi viweke kabatini miezi sita tuone kinachoota. Kutinda kwa wembe peke yake hakuui mzizi, aliyekuharibia ni kibano.

Mama yako usibishane naye. Swali la dini si langu, mpelekee mwenye elimu yake, ila mweleze yote: kwamba nyusi zimeondoka huenda kwa maradhi, na kwamba nywele zitakazohamishwa ni zako mwenyewe. Huenda jibu likawa tofauti na lile la mtu anayetinda kwa fasheni.

Mume mwambie, tena leo, lakini usianze na Uturuki. Anza na uchovu na baridi. Mwambie unakwenda kupima na ungependa akusindikize. Mtu anayetania kwamba mkewe amezeeka ghafla ameona kitu kimebadilika, hajui tu kinaitwaje. Na kumshtukiza haiwezekani, utarudi na macho yamevimba.

Zile dola 300 usitume. Bei inayopanda mwisho wa mwezi huu itashuka tena mwezi ujao, nimeona matangazo hayo mengi mno. Zamu ya kikoba ikifika mwezi wa tano, ipokee uiweke benki. Kabla ya hapo: damu wiki hii, daktari wa ngozi baada ya majibu, picha ya nyusi zako bila wanja, dirishani, kila tarehe moja, ili daktari aone zinakwenda wapi. Majibu ya TSH yakitoka niandikie, nikwambie cha kumuuliza daktari.